Mti Hauponi

Nenda Kariakoo ukamwambie mtu yeyote kwamba unamtafuta daktari wa miti. Hatashangaa hata kidogo. Atakuelekeza kwa wale jamaa wenye magome, mizizi na unga kwenye chupa, na huenda akakuuliza kwa huruma unaumwa nini. Katika Kiswahili chetu mti ni dawa kabla haujawa mgonjwa. Tuna mitishamba, tuna waganga wa mitishamba, tuna mwarobaini ambao jina lake lenyewe ni hesabu ya maradhi unayosemekana kuyatibu. Tunaye mkwezi, anayepanda kuangua nazi, na mgema, anayepanda kugema tembo. Lakini mtu ambaye kazi yake ni kuuhudumia mti wenyewe, kuupanda kwa kamba, kuukagua, kuupogoa, kuamua tawi lipi libaki na lipi liondoke, huyo hatuna jina lake la kila siku.

Waingereza wanaye, na wanamwita mpasuaji wa miti, kwa neno lilelile wanalomwitia daktari wa chumba cha upasuaji. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikisoma historia ya kazi hii, na kilichonishika zaidi ni jina hilo, kuliko hata misumeno (ingawa misumeno nayo ina visa vyake, tutafika). Naamini jina hilo liliipotosha kazi nzima kwa zaidi ya miaka mia. Ukishamwita mtu mpasuaji, atafanya yale ambayo mpasuaji hufanya: atasafisha kidonda, atakiziba, atakipaka dawa, kisha atangoja kipone. Na mti hauponi. Si kwa maana ile ambayo goti lako lilipona ulipoanguka na baiskeli.

Tuanze na mavi ya ng'ombe. Mwishoni mwa karne ya 18, William Forsyth, Mskoti aliyekuwa mtunza bustani za Mfalme George wa Tatu huko Kensington, London, alitangaza kwamba amepata plasta inayotibu miti iliyooza. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na kila sababu ya kutaka kumwamini. Nguvu yake ilikuwa manowari, na manowari zilikuwa mbao. Victory, ile ambayo Nelson alifia humo, iliundwa kwa miti ipatayo 6,000, mingi yake mialoni. Mwaloni huchukua karne nzima kufikia unene wa kuundia meli, kwa hiyo mwaloni wenye tundu lililooza ulikuwa hasara ya taifa. Bunge likateua watu wakaitazame miti ya Forsyth. Wakarudi wameridhika, na jamaa akalipwa pauni 1,500 ili aitoe siri yake hadharani. Mwaka 1791 akaichapisha.

Siri yenyewe ilikuwa hii: vipimo viwili vya mavi mabichi ya ng'ombe, kimoja cha chokaa ya kifusi cha nyumba kuukuu, kimoja cha majivu ya kuni, na mchanga kidogo wa mtoni. Unakata kidonda mpaka ufikie mti mzima usiooza, unalainisha kingo, unapaka. Msomaji aliyekulia kwenye nyumba ya miti na udongo hapa atatabasamu, maana hiyo ni plasta ya ukuta. Bibi zetu walikuwa wakiikandika kila mwaka na hakuna bunge lililowapa hata senti.

Si kila mtu alishawishika. Thomas Andrew Knight, mkulima msomi wa matunda aliyekuja baadaye kuwa rais wa jumuiya ya wakulima wa bustani ya London, alitoa kijitabu mwaka 1802 akiuliza swali jepesi: je, mti uliopakwa plasta unatofautianaje na mti uliokatwa vizuri ukaachwa wazi? Forsyth alifariki mwaka 1804 kabla ubishi haujaisha. Leo jina lake linakumbukwa kwa kichaka cha maua ya njano kinachoitwa kwa heshima yake, ambacho hakina uhusiano wowote na mavi wala chokaa. Lakini wazo lake, kwamba mti una kidonda na kidonda kinahitaji dawa ya kupaka, lilikuwa limeshapata miguu.

Aliyelifanya wazo hilo kuwa biashara ni John Davey. Huyu namhusudu kidogo. Alizaliwa Somerset, Uingereza, mwaka 1846, akajifunza kusoma akiwa mtu mzima, akahamia Marekani mwaka 1873, na baadaye akapewa kazi ya kutunza makaburi katika mji wa Kent, jimbo la Ohio. Ni kwenye makaburi hayo alikoanza kuishughulikia miti mmoja mmoja, kama mtu na mgonjwa wake. Mwaka 1901 akatoa kitabu alichokiita Daktari wa Miti, kimejaa picha za kabla na baada, na za miti iliyoharibiwa na watu wenye misumeno na haraka. Mwaka 1909 yeye na wanawe wakaandikisha kampuni, ambayo iko hadi leo. Mwanawe mmoja, Martin, alifika mbali: alikuwa gavana wa Ohio kuanzia 1935 hadi 1939. Mtoto wa mtunza makaburi, utajiri wa familia umetoka kwenye mashimo ya miti.

Maana kazi iliyoleta fedha ilikuwa hiyo, kuziba mashimo. Hebu fikiria siku ya kazi ya vijana wa Davey miaka ya 1910. Wanafika kwa tajiri mwenye mti mkubwa wenye pango shinani. Wana patasi, nyundo za mbao, bobari za kuchongea ndani, misumeno ya mkono, ngazi, kamba za manila, ndoo ya lami. Wanachonga sehemu iliyooza yote, wanakwangua mpaka mbao nyeupe ionekane, siku nzima, wakati mwingine siku kadhaa. Wanapaka lami. Wanapitisha vyuma vya kushikiza. Kisha wanakoroga zege na kujaza, vipande vipande, kila kipande kimetenganishwa na kingine kwa karatasi ya lami ili mti ukiyumba na upepo zege lisipasuke. Uso wa zege unasawazishwa kwa mwiko chini kidogo ya gome ili gome lije likue juu yake. Kazi safi kabisa. Nimetazama picha za kazi zao na nakiri kuna uzuri ndani yake, ule uzuri wa fundi wa meno.

Na karibu yote haikusaidia kitu, mara nyingi ilidhuru. Ila ilichukua nusu karne zaidi kabla mtu hajajua kwa nini.

Hapa niiache habari ya kidonda nipande juu ya mti, kwa sababu wakati wanasayansi wamelala, vifaa vilikuwa vinabadilika, na pasipo vifaa hivyo huyo mtu wa kujua asingejua.

Msumeno wa mnyororo una asili ya ajabu. Misumeno ya kwanza ya mnyororo tunayoijua haikukata mti, ilikata mfupa. Madaktari wawili wa Scotland, John Aitken na James Jeffray, walibuni mwishoni mwa karne ya 18 kamnyororo kembamba kenye meno, kenye kishikio kila upande, kwa ajili ya upasuaji wa binadamu, ukiwemo upanuzi wa nyonga mama anaposhindwa kujifungua. Kwa hiyo jina la upasuaji lilipohamia kwa miti, na kifaa nacho kikaja kufuata njia hiyohiyo. Sisemi mashine ya leo imetokana moja kwa moja na kile kidude cha Edinburgh. Nasema tu imenichekesha.

Mashine yenyewe ni habari ya Andreas Stihl wa Stuttgart, Ujerumani, aliyeanza na msumeno wa umeme mwaka 1926, kisha wa petroli mwaka 1929. Huo wa petroli ulikuwa na kilo 46 na ulihitaji watu wawili. Hakuna anayepanda mti na kitu hicho. Mwaka 1950 kampuni yake ikatoa wa mtu mmoja, kilo 16. Kufikia 1959 ilikuwa kilo 12. Leo msumeno wa kufanyia kazi juu ya mti, ule wenye mshikio mgongoni, uko chini ya kilo 4. Ukitaka kujua kwa nini kazi hii ilibadilika katika karne ya 20, hesabu hiyo peke yake inatosha kwa kiasi kikubwa.

Mnyororo nao ulihitaji mtu wa kuutazama upya. Mwaka 1946 mkata magogo wa Oregon aitwaye Joe Cox aliona funza wa mende akitafuna kisiki, akakaa akimwangalia. Funza hakuwa anakwaruza kama meno ya misumeno ya wakati ule. Taya zake zilipasua upande huu na upande huu, kushoto kulia, na kupita ndani ya mbao kama anakunywa uji. Cox akatengeneza mnyororo wenye meno ya namna hiyo, yanayopishana. Minyororo ya leo, hata ile inayouzwa madukani kwetu, ni wajukuu wa funza yule.

Kuhusu kupanda. Mpandaji wa leo hukaa kwenye mkanda mpana unaoshika nyonga na mapaja. Kamba yake inarushwa kwanza kwa uzi mwembamba wenye kifuko cha uzito, mpaka ipite juu ya panda imara, halafu yeye mwenyewe huning'inia kwa fundo linaloteleza likiwa halina uzito na kung'ang'ania likivutwa. Mafundo ya aina hii yana ukoo. Moja lina jina la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelichapisha mwaka 1931, na watu wa miti wakalirithi kwa watu wa milima na kuendelea kulifanyia marekebisho. Akiwasha msumeno huko juu, kanuni ni kwamba awe amejifunga sehemu mbili, ili akiikata kamba moja kwa bahati mbaya abaki na nyingine. Suruali yake ina matabaka ya nyuzi ndefu ndani. Mnyororo unaokimbia mita 20 kwa sekunde ukigusa paja, nyuzi zinavutwa nje zinajisokota kwenye gurudumu la mashine na kuisimamisha. Mtu aliyebuni kwamba nguo iokoe kwa kuchanika, huyo apewe maua yake.

Kamba zenyewe zilikuwa za manila mpaka plastiki ilipozitoa sokoni baada ya Vita vya Pili. Katikati hapo sisi tunaingia kidogo. Japani ilipoishika Ufilipino mwaka 1942 na manila ikakosekana kwa Waingereza na Wamarekani, mkonge wa Tanganyika na Kenya uligeuka mali ya vita. Mkonge ule, tukumbuke, ulitokana na miche 62 iliyopona safari ya Dakta Richard Hindorf kuja Tanga mwaka 1893.

Kuna kifaa kimoja cha kupandia ambacho watu wa miti wamekikataza isipokuwa kwa mti unaokwenda kuangushwa: vyuma vyenye ncha vinavyofungwa miguuni na kuchomwa kwenye shina. Kila hatua ni tundu kwenye gome. Mtu wa pwani akisikia hivyo atauliza, je, na vidato? Wakwezi wetu huchonga vidato kwenye mnazi, kimoja baada ya kingine hadi juu, na mnazi unazaa miaka mingi tu. (Wale waliosoma sekondari wakumbuke kwamba kidato cha kwanza mpaka cha sita ni neno hilohilo. Elimu yetu imepandwa kama mnazi.) Jibu ni kwamba mnazi si mti kwa maana ileile. Mwembe una tabaka jembamba la chembehai chini ya gome, kambiamu, linalotengeneza mbao mpya kila msimu na kufunika majeraha ya zamani. Mnazi hauna. Kidato kilichochongwa na babu kiko wazi hadi leo, hakijafunikwa na hakitafunikwa, na mjukuu anaweza kuweka mguu wake palepale.

Ndiyo hiyo habari ya kufunika, na sasa tunaweza kurudi kwenye kidonda.

Alex Shigo alizaliwa Pennsylvania mwaka 1930 na akaingia Idara ya Misitu ya Marekani mwaka 1959, kusomea kuoza kwa miti. Kabla yake, mtafiti akitaka kujua ndani ya mti kuna nini alikata kipande cha mviringo, kama anavyokata muhogo. Shigo alipata msumeno wa mnyororo wa mtu mmoja na akafanya kitu ambacho kingechosha jeshi zima kwa msumeno wa mkono: aliipasua miti kwa urefu, kutoka juu kwenda chini, akafuata njia ya kuoza kuanzia kwenye jeraha. Katika maisha yake alipasua zaidi ya miti 15,000. Nadhani ndiye mpasuaji wa kweli pekee katika hadithi hii yote, na wagonjwa wake wote walikuwa wameshakufa.

Alichokiona kilikuwa kinyume cha matarajio. Kuoza hakusambai hovyo. Kunafuata mipaka, mipaka iliyonyooka kama imechorwa kwa rula, na mipaka hiyo imewekwa na mti wenyewe. Mwaka 1977 yeye na mwenzake Harold Marx walichapisha maelezo yao. Mti ukijeruhiwa, walisema, haurudishi chembehai mpya mahali pa zile zilizokufa, kama ngozi yetu inavyofanya. Hauwezi. Badala yake unafunga milango. Fikiria nyumba ya vyumba vingi, moto umeingia chumba kimoja. Huuzimi; unafunga mlango wa juu na wa chini, unafunga mlango wa ndani, unafunga milango ya kando. Kisha unaanza kujenga ukuta mpya kabisa kati ya nyumba yote ya zamani na vyumba utakavyojenga kuanzia leo. Huo ukuta wa nne, anaoujenga kambiamu baada ya jeraha, ndio wenye nguvu kuliko yote. Kuoza kunabaki ndani ya mti milele, mti unaendelea na maisha nje yake.

Sasa mtazame tena kijana wa Davey na patasi yake, anakwangua mpaka afikie mbao nyeupe. Ili afikie mbao nyeupe lazima avunje ukuta. Ametoa kuoza kote na amefungua mlango uliokuwa umefungwa. Halafu amejaza zege linaloshika maji. Na ile lami ya kupaka juu, utafiti wa Shigo na wenzake ulionyesha haizuii kuoza. Mti wenye pango hauko mgonjwa kwa sababu ya pango. Mwanzi una uwazi ndani na unasimama, na mbuyu mkubwa wenye pango la kulaza watu nao umesimama.

Si hilo tu. Shigo alionyesha kwamba mahali penyewe pa kukatia palikuwa kosa. Kwa vizazi vingi fundi mzuri alikuwa yule anayekata tawi sambamba na shina, laini, bila kisiki. Tazama tawi lolote la mwembe: pale linapotokea kwenye shina pana uvimbe kidogo, mkunjo, kama kola ya shati. Ndani ya kola hiyo ndimo mti umeweka kinga yake. Ukikata nje yake tu, mti unafunga kidonda kwa duara kamili. Ukiikata kola yenyewe kwa kutaka kuonekana msafi, umeikata kinga. Na ukiacha kisiki kirefu, kisiki kinakufa na kuwa kibaraza cha kuvu kuingilia.

Kwa hiyo kazi ya leo, ukimtazama anayeijua, ina mikato mitatu kwa tawi zito. Wa kwanza unatoka chini kwenda juu, mbali kidogo na shina, hadi robo au theluthi ya unene. Huo ni wa kuzuia tawi lisichane gome likianguka. Wa pili unatoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na tawi linaondoka, kama ni zito likiwa limefungwa kamba iliyopita kwenye kapi na kuteremshwa na mwenzake aliye chini. Wa tatu ni wa kuondoa kisiki nje ya kola. Halafu basi. Hapakwi kitu. Mteja anayelipa hapendi sehemu hiyo. Anataka aone dawa, kwani bila dawa daktari kafanya nini? Ndiyo maana nasema jina liliponza. Lami ilidumu miaka mingi baada ya sayansi kuikataa, na nahisi ilidumu kwa ajili ya mteja.

Wakati mwingine hata dhoruba imewafundisha. Usiku wa tarehe 16 Oktoba 1987 upepo mkali uliangusha miti ipatayo milioni 15 kusini mwa Uingereza. Bustani ya Kew ilipoteza takribani 700. Mwaloni mmoja wa pale, uliopandwa mwaka 1798, ulinyanyuliwa na upepo pamoja na mizizi yake yote, ukatikiswa, ukarudishwa chini palepale. Wafanyakazi wakauegemezea nguzo wakisema wataukata wakipata nafasi. Walikuwa na miti mingi ya kushughulikia, nafasi ikapatikana baada ya miaka kama mitatu, na walipofika wakaukuta una afya kuliko kabla ya dhoruba. Tony Kirkham, aliyekuja kuongoza idara ya miti ya bustani hiyo, alieleza sababu: miguu ya wageni kwa miongo mingi ilikuwa imeukandamiza udongo mpaka mizizi haipumui, na upepo uliulegeza kwa sekunde chache. Tangu hapo mashine ya kupuliza hewa ardhini imekuwa kifaa cha kazi. Daktari ameshuka kutoka kwenye matawi, sasa anatibu udongo.

Nikiyasoma haya yote nakuwa na mawazo ya mtaani kwetu, na sidhani niko peke yangu. Karibu kila mji wetu una msimu wake wa kukata miti vichwa. Masika inakaribia, watu wanaogopa matawi kuangukia nyaya na mabati, anaitwa kijana mwenye panga. Anapanda pekupeku, kamba yake ni ileile ya kisimani, na kama ana msumeno wa mnyororo basi umekodiwa na hauna breki. Anakata kila kitu juu ya futi kumi. Mti unabaki kama ngumi. Wiki chache baadaye unachipua machipukizi mengi, watu wanasema umeona, umependeza. Lakini machipukizi hayo yameota juujuu pembeni ya kisiki kinachooza, hayana kola, hayajashikamana na kiini cha shina. Miaka mitatu, minne, yamekuwa matawi mazito. Ndiyo hayo yatakayoanguka kwenye bati, na kijana ataitwa tena.

Simlaumu kijana. Malipo yake kwa sehemu kubwa ni kuni anazokwenda kuuza, na mtu anayelipwa kwa kuni unategemea akate kidogo? Tunachomlipia ni kuangusha. Hakuna anayemlipa kwa tawi aliloliacha, ilhali nusu ya utaalamu wa kazi hii ni matawi yaliyoachwa.

Tunajua kuuthamini mti mmoja mmoja tukitaka. Mwaka 2020, barabara ya juu ya Nairobi ilipokuwa ikijengwa, mugumo wa umri wa karne hivi kando ya Waiyaki Way ulipangiwa kuondolewa. Watu wakapiga kelele, wengine kwa sababu ya mazingira, wengine kwa sababu mugumo ni mti mtakatifu kwa Wagikuyu, na mwezi wa Novemba ikatoka amri ya rais kwamba mti huo ubaki. Ukabaki. Ninachokiwazia ni ile miti mingine ya barabara ileile, ambayo haikuwa na utakatifu wala rais.

Nje ya nyumba ninayoishi pana mwarobaini. Umekatwa kichwa mara tatu tangu nihamie, na upande wa barabarani gome lake limebanduliwa na watu wa homa na matumbo, vipande vya ukubwa wa kiganja. Ukiukagua kwa mafundisho ya Shigo unausoma kama daftari. Pale gome lilipobanduliwa miaka ya nyuma, kingo zimevimba na zinakaribiana polepole, kambiamu inafunika. Pale lilipobanduliwa karibuni mbao iko wazi, imekauka, ina nyufa. Na juu, kwenye ngumi, pana tundu jeusi.

Mwaka huu kijana alipokuja nilimsubiri chini. Nikamwonyesha kola ya tawi kwa kidole, nikamwambia kata hapa, si pale, na kichwa usikiguse, nitakulipa kuni zako zote kwa bei ya sokoni. Akanisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mwalimu mstaafu. Akauliza kama nitapaka rangi juu ya kidonda, maana amewahi kuona kwa Wazungu. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa, akapanda. Matawi mawili ya kwanza aliyakata vizuri, mikato mitatu mitatu, nje ya kola. La tatu lilikuwa karibu na nyaya na jua lilikuwa linazama, hilo alilikata alivyozoea.